Maisha yakikaza gereza la Shimo la Tewa hufurika: ni wizi umezidi au ni bondi (dhamana ya korti) imetushinda?

#1 MwanaWaKibokoni
Salaam wanabaraza. Nina dai, livunjeni mkiweza. Kila uchumi wa Mombasa unapopigwa, haupiti muda gereza letu la Shimo la Tewa, kule Shanzu, hujaa. Mei 2014 watalii wa Kiingereza walirudishwa kwao, hoteli zikafunga milango. Agosti 2019 likaja agizo la makontena kupanda reli ya SGR, madereva wa malori wakabaki kucheza bao Miritini. Mwaka uliofuata korona. Kila mara nikiuliza kijana fulani wa mtaani kapotelea wapi, jibu ni lile lile: yuko Shimo. Mimi nasema ni njaa. Aliyekuwa akitandika vitanda hotelini au kubeba mizigo bandarini akikosa kibarua, huingia kwenye simu na mikoba ya watu. Nani anabisha?

#2 Bingwa_Changamwe
Mimi nabisha. Nilikuwa taniboi, utingo wa lori, hadi hiyo 2019. Kazi ikaisha, mwenye lori akaliuza. Sikuiba hata embe la mtu. Usitubandike jina, yakhe.

#3 BiMahamri
Bingwa, punguza hasira, mwanangu. Anayefungwa si lazima awe ameiba. Mimi nilichukuliwa na sinia langu la viazi karai na mahamri karibu na steji moja, sina leseni. Tukapandishwa gari wanawake tele, wengine na watoto mgongoni. Kortini nikapigwa faini. Dada yangu akazunguka chama chake cha kuchangiana kizima mpaka pesa zikatimia kabla ya gari la jioni kuondoka. Binti aliyekuwa ubavuni mwangu, muuza njugu, kosa lile lile, faini ile ile, hakuwa na wa kumzungukia. Mimi nilirudi nyumbani, yeye akaenda.

Sasa huyo binti mtamhesabu kwa wizi?

#4 Tuktuk_wa_Nyali
Bi Mahamri, hayo mahamri bado yapo? Uliza tu.

#5 BiMahamri
Yapo, lakini si yale ya bei ya zamani. Na kwa wewe hakuna mkopo.

#6 AfandeMstaafu
Hamjambo. Nimevaa sare ya askari jela mpaka kustaafu, magereza ya Pwani na bara, na sitayataja kwa majina. Naona mnauangalia mlango wa kuingilia tu. Hebu ingieni jikoni.

Fedha za chakula hupangwa kwa idadi inayotarajiwa. Watu wakiongezeka katikati ya mwaka, fedha haziongezeki nao. Unga ukipanda bei, vivyo hivyo. Basi ugumu ule ule wa maisha hulipiga gereza pande mbili: midomo inazidi na shilingi inanunua kidogo. Afisa wa jikoni hana miujiza. Maharagwe huwa mchuzi, na mchuzi huwa maji ya maharagwe. Ukiona gereza lina fujo, kabla hujatafuta kiongozi wa fujo, kaulize wiki hiyo wamekula nini.

Jambo la pili wengi hamlijui. Mahabusu, yaani aliye rimandi, halazimishwi kufanya kazi, kwa sababu hajahukumiwa. Anayelima, anayeshona na anayechonga fanicha ni mfungwa. Gereza likijaa rimandi lina walaji wengi na wafanyakazi wachache, shamba linakuwa pori huku foleni ya chakula ikizunguka ua.

La tatu ni lori. Mahabusu ana siku yake ya korti na ni lazima apelekwe. Mafuta yakikosekana, au gari likiwa gereji kwa kukosa vipuri, hakimu hana la kufanya ila kuahirisha. Jamaa anabaki pale pale, anahesabiwa jioni, anakula kesho. Nimeona kesi ya kuku ikiahirishwa hivyo mpaka mwenye kuku akachoka kuja kutoa ushahidi. Kwa hivyo #1, njaa ya mtaani inajaza jela, sawa, lakini ufukara wa jela yenyewe unazuia watu kutoka. Hilo hamjaligusa.

#7 Shoga_wa_Likoni
Afande umenifungua macho. Lakini kesi si siku hizi zinasikizwa kwa video?

#8 AfandeMstaafu
Tangu 2020, ndiyo. Kwa kesi ya kutajwa tu imesaidia sana, lori linapumzika. Ukifika kusikiliza shahidi, mtandao unakatika kila neno la tatu na wakili anaomba kesi isikilizwe ana kwa ana. Tunarudi kwenye lori.

#9 KaraniWaKorti
Niongeze kwa Bi Mahamri, maana kisa chake ndicho ninachokiona kila siku kwenye meza.

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 28, ina ngazi za kifungo kwa anayeshindwa kulipa faini. Faini isiyozidi shilingi 500, hadi siku 14. Hadi 2,500, mwezi mmoja. Hadi 15,000, miezi mitatu. Hadi 50,000, miezi sita. Juu ya hapo, miezi 12. Hivyo ni vipimo vya juu kabisa, hakimu anaweza kutoa chini yake. Mtazame hapo kwenye ngazi ya tatu: aliyeshindwa na 3,000 na aliyeshindwa na 15,000 wako katika ngazi moja.

Fanyeni hesabu wenyewe. Mtu ameshindwa na elfu tatu, serikali inamlisha, inamlinda, inamtibu na kumsafirisha kwa wiki kadhaa. Zile elfu tatu zimeliwa zamani. Hakuna aliyefaidika, na sinia la njugu limeoza.

Dawa iko kwenye vitabu tangu 1998: sheria ya huduma kwa jamii. Kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, hakimu anaweza kukupa kufagia zahanati au kupanda miti shuleni, ukilala kwako. Inahitaji ripoti ya afisa wa probesheni. Na afisa wa probesheni naye anahitaji nauli ya kwenda kwenu kuuliza wewe ni mtu wa aina gani. Mwaka wa fedha ukibana, nauli hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa.

#10 Tuktuk_wa_Nyali
Kwa hivyo mtu anafungwa kwa sababu afisa hakuwa na nauli ya matatu? Aje tuktuk, nitampa bei ya ndugu.

#11 Mkali_wa_Bombolulu
Nyinyi mnaongea kama jela imejaa wauza njugu. Na hawa vijana wa mapanga wa Kisauni? Hao ni wizi wa mabavu, hawana bondi, wanakaa ndani miaka. Hao ndio wanaojaza. Na msiniambie ni njaa, wengine kwao wanakula pilau.

#12 KaraniWaKorti
Mkali, hapo kwa bondi si hivyo. Zamani ndiyo, kosa la kunyongwa halikuwa na bondi. Tangu Katiba ya 2010, ibara ya 49, kila mshtakiwa ana haki ya kuachiliwa kwa masharti ya wastani, wizi wa mabavu ukiwemo, isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito za kumzuia. Ibara hiyo hiyo inasema pia kuwa kosa la faini pekee, au la kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hatakiwi kuwekwa rimandi kabisa.

#13 Mkali_wa_Bombolulu
Katiba inasema mengi. Mbona wako ndani?

#14 Nyumba_Bila_Shamba
Mkali ameuliza swali la maana pengine bila kujua. Wako ndani kwa sababu kupewa bondi ni jambo moja na kuitimiza ni lingine.

Mdhamini anatakiwa alete nini kortini? Hatimiliki ya ardhi, logibuku ya gari, au karatasi ya mshahara. Sasa mzazi wa Majengo au Mishomoroni ana nini? Ana nyumba ya vyumba sita, kaijenga kwa jasho, ina wapangaji, lakini ardhi chini yake si yake. Analipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja, ambaye mara nyingine hata sura yake haijui. Mfumo huu wa nyumba bila shamba tunao Mombasa miaka na miaka. Ukienda Kisauni, Likoni, ukivuka hadi Kwale na Kilifi, maskwota tele. Chanzo chake ni cha zamani: sheria ya hatimiliki ya 1908 ilipopita mwambaoni, madai ya raia wa Sultani wa Zanzibar yaliandikishwa, na Mmijikenda aliyekuwa akilima hapo hapo akaachwa nje ya daftari.

Kwa hivyo mtoto wa Murang'a na mtoto wa Magarini wakishtakiwa kosa moja, wakapewa bondi moja, wa kwanza baba yake anatoa hatimiliki ya shamba la chai ekari moja. Wa pili baba yake ana minazi ishirini juu ya ardhi ya mtu. Nani anarudi nyumbani?

Ndiyo maana sikubaliani na #1. Si kila mara uchumi uanguke ndipo jela ijae. Pwani hata uchumi ukiwa mzuri hati hatuna.

#15 Shoga_wa_Likoni
Lo! Hili sijawahi kulisikia likisemwa hivi. Kwetu ndivyo hasa. Nyumba ni ya bibi, ardhi ni ya watu wa Mji wa Kale.

#16 Bingwa_Changamwe
Hapo #14 nakupa kiti. Lakini mtoto wa Murang'a wa mjini naye baba yake hana shamba siku hizi, limegawanywa mpaka limekuwa uwanja wa kuku.

#17 Takwimu_Tudor
Habari zenu. Niharibu sherehe kidogo. Dai la #1 linakubalika haraka kwa sababu linapendeza, ila ushahidi wa kwingine unalikana.

Marekani mtikisiko wa fedha wa 2008 ulipandisha ukosefu wa kazi hadi asilimia 10 kufikia Oktoba 2009. Kila mtu alingojea wizi upande. Ukashuka, na uhalifu wa mabavu nao ukashuka. Zaidi ya hapo, majimbo yalipoishiwa pesa yalianza kufunga magereza. Michigan na New York walifunga kadhaa. California, iliyokuwa imeshonana vibaya, ililazimishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2011 ishushe idadi hadi asilimia 137.5 ya nafasi zilizopo. Magavana waliokuwa wakijigamba kwa kufunga watu wakaanza kusema kufunga ni ghali.

Yaani ugumu wa uchumi ukimfika mwananchi huenda ukajaza jela. Ukiifika hazina ya serikali, huenda ukaimwaga.

#18 Mkali_wa_Bombolulu
Marekani wana bima ya wasio na kazi. Sisi tuna bima ya shangazi.

#19 Takwimu_Tudor
Sawa, na hilo ni sehemu ya maelezo. Lakini hata hapa kwetu: Aprili 2020, Jaji Mkuu Maraga alitangaza kuachiliwa kwa wafungwa zaidi ya 4,000 wa makosa madogo na wenye vifungo vifupi vilivyobaki, sababu ya korona. Uchumi ulikuwa chini kuliko wakati wowote na jela zikapungua. #1, hapo kwenye orodha yako korona inakwenda kinyume na wewe.

#20 MwanaWaKibokoni
Zilipunguzwa, hazikupungua zenyewe. Mei 2020 Mji wa Kale ulifungwa, hatoki mtu haingii mtu, na kafyu juu yake. Waliokamatwa kwa kafyu uliwahesabu wapi?

#21 Takwimu_Tudor
Wengi walilala kituoni au kupelekwa karantini, hawakuhukumiwa kifungo. Unahesabu kukamatwa, mimi nahesabu kufungwa.

#22 BiMahamri
Aliyekamatwa hajali mnamhesabu wapi, anajali watoto wamekula nini.

#23 Mzee_wa_Ngomeni
Assalam aleykum vijana. Mnaongea kana kwamba mambo haya yalianza na SGR. Babu zetu walifungwa kwa kukosa pesa waziwazi, bila kuzungushwa. Kodi ya kibanda ilianza 1901. Huna, unafanyishwa kazi au unafungwa. Wakawa wengi mpaka mwaka 1925 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kambi za kizuizini kwa wenye makosa madogo, ili wasichanganywe na wahalifu gerezani. Miaka ya 1930 bei ya mazao ikaanguka dunia nzima, na kodi ikaendelea kudaiwa. Kosa lilikuwa lile lile, kutokuwa na kitu.

Na hapa Mombasa jela ilikuwa Ngomeni. Hiyo Fort Jesus mnayopiga picha za harusi ilikuwa gereza la Waingereza mpaka uhuru.

#24 Mwongoza_Watalii
Shikamoo mzee. Naongeza tarehe tu, maana ndiyo riziki yangu. Waingereza waliifanya gereza mwaka 1895, na wafungwa wakaondolewa 1958. Ikafunguliwa kama makumbusho 1960. Kwa hivyo uhuru uliikuta tayari ina tiketi mlangoni.

#25 Mzee_wa_Ngomeni
Marahaba. Wewe ulisoma ubaoni, mimi nilikuwa nikipita hapo nikiwaona wakibeba mawe. Lakini sawa, tusiuane kwa miaka mitano.

#26 Tuktuk_wa_Nyali
Mzee una umri gani kwani?

#27 Mzee_wa_Ngomeni
Wa kukupiga kofi.

#28 Muuza_Jumla_Kongowea
Nirudi kwa Afande (#6) alipogusa bajeti. Nilikuwa napeleka maharagwe, kabichi na kuni kwa gereza moja. Tenda ukiipata unasherehekea, halafu unaingia kwenye kungoja. Unapeleka mzigo mwaka huu wa fedha, malipo yanakuja mwaka mwingine, na hapo katikati benki haikungoji. Mimi niliuza pikapu.

Wenzangu waliobaki wamejifunza. Wanapandisha bei tangu mwanzo, maana wanajua watalipwa kwa kuchelewa. Kwa hiyo kilo ya maharagwe unayoichukua sokoni kwa bei ya jumla, gerezani imeandikwa bei nyingine kabisa. Watu wakiona karatasi wanapiga kelele ya ufisadi. Mara nyingine ni hiyo tu: gharama ya kungoja. Serikali ikiishiwa hulipa zaidi kwa kila kitu, kwa sababu hakuna anayeiamini na mkopo.

#29 Bingwa_Changamwe
"Mara nyingine." Na hizo nyingine?

#30 Muuza_Jumla_Kongowea
Nyingine ni kama unavyofikiri.

#31 Aliyetoka
Nimesoma wote. Mimi nilikaa rimandi Pwani hii, kesi ikaja kutupwa kwa kukosa mashahidi. Niwaambie upande ambao hata Afande hakuugusa.

Ndani hakuna pesa lakini kuna bei. Sigara ndiyo sarafu. Sabuni pia. Ukitembelewa, una sabuni, na mwenye sabuni ana marafiki, ana mahali pa kulala pasipo karibu na ndoo. Asiyetembelewa anafua nguo za wenzake. Sasa nje maisha yakiwa magumu, kitu cha kwanza mama anachokata ni nauli ya kuja. Kivuko cha Likoni ni bure kwa miguu, lakini kutoka Kinango au Lungalunga mpaka Shanzu si miguu. Mwanzoni anakuja kila wiki, halafu kila mwisho wa mwezi, halafu anatuma salamu kwa mtu. Unaweza kujua hali ya uchumi kwa kuhesabu majina yanayoitwa siku ya wageni.

Na hapo ndipo vurugu zinapozaliwa. Anayekosa cha kwake anajiuza kwa mwenye nacho. Anabeba simu iliyofichwa, anaweka bangi kwenye godoro lake kwa niaba ya mkubwa, siku ya msako anashikwa yeye. Akihukumiwa kwa kosa la ndani anapoteza msamaha wa theluthi moja ya kifungo ambao mwenye nidhamu hupata. Kwa hiyo umaskini wa nje unamwongezea miezi ndani.

#32 AfandeMstaafu
Kijana asante, umesema kweli tupu. Na hiyo simu iliyofichwa haikupaa juu ya ukuta.

Nami niseme la upande wetu, ingawa najua mtanirukia. Askari jela naye ni mtu wa Mombasa, ananunua unga kwenye duka lile lile. Aprili 2008 tuligoma nchi nzima. Polisi walikuwa wamepewa marupurupu ya hatari, sisi tukaachwa. Familia mbili zilikuwa zikiishi kwenye chumba kimoja, pazia katikati, askari na mkewe huku, askari na mkewe kule. Kamati ya Meja mstaafu Marsden Madoka ikaundwa kuchunguza, na waliokuja kutuona nyumbani walishangaa kuwa mfungwa alikuwa na nafasi kuliko mlinzi wake, maana Moody Awori alipokuwa makamu wa rais alishawaletea wafungwa magodoro na televisheni.

Simtetei anayeingiza simu. Nasema tu ukimbana mlinzi na mlindwa pamoja, watafanya biashara.

#33 Shoga_wa_Likoni
Awori kweli aliimbwa na wafungwa. Nakumbuka kwenye habari.

#34 Mkali_wa_Bombolulu
Na hizo meseji za "nimekosea kutuma pesa, nirudishie" zinatoka wapi? Ndizo hizo simu za biashara. Mamangu walimla mara mbili. Mnawahurumia mno.

#35 Tuktuk_wa_Nyali
Mara mbili?

#36 Mkali_wa_Bombolulu
Mama ni mtu wa kuamini watu. Tuendelee.

#37 Deni_Mpaka_Shingoni
Wajuzi, swali. Ninadaiwa na duka moja la vifaa vya ujenzi, wameshinda kesi, sasa wananitisha na jela ya madeni. Ipo au ni vitisho tu?

#38 KaraniWaKorti
Ipo, chini ya sheria ya mwenendo wa kesi za madai. Ni mbali na jela ya jinai, haizidi miezi sita, na kwanza unaitwa ujieleze kwa nini usifungwe. Korti inaangalia kama una uwezo na unakataa kulipa, au huna kabisa. Kama huna, onyesha huna. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliwahi kusema kumfunga mtu kwa deni kunapingana na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia ambao Kenya imeukubali, lakini majaji wengine hawakulifuata, kwa hiyo usilalie hapo.

Kuna kitu kimoja wengi hawakijui. Anayekudai ndiye anayelipa posho ya chakula chako ukiwa ndani. Akiacha kulipa, unatoka.

#39 Bingwa_Changamwe
Ngoja. Yaani ananidai, halafu ananilisha?

#40 Deni_Mpaka_Shingoni
Karani asante sana. Nyumbani sijalishwa tangu mwezi jana, hebu nifikirie.

#41 BiMahamri
Usicheke na hilo, mwanangu. Jieleze kortini vizuri, nenda na karatasi zako.

#42 Takwimu_Tudor
Hilo la #38 ni zuri kwa hoja yangu. Pale ambapo anayetaka mtu afungwe ndiye mlipaji, wafungwa wa madeni ni wachache. Pale ambapo mlipaji ni hazina na anayekamata ni mwingine, hakuna anayejali hesabu. Fikiria kaunti ingetakiwa kulipia chakula cha kila muuza njugu inayempeleka jela.

#43 AfandeMstaafu
Wangeachiliwa saa sita mchana.

#44 Nyumba_Bila_Shamba
Takwimu, hoja tamu, ila bado haigusi rimandi. Mwaka 2018 wafungwa na mahabusu nchini walipita 50,000 na nafasi hazifiki 30,000, na zaidi ya thuluthi yao hawajahukumiwa. Hao hawakutokana na faini. Ni bondi na kesi ndefu.

#45 MwanaWaKibokoni
Na mimi nauliza, kesi zao zilianza na nini? Ukifika chini kabisa unakuta mtu asiye na kazi. Sijahama.

#46 Bingwa_Changamwe
Hata asiye na kazi akiwa Nyali hakamatwi barabarani saa nne usiku. Mimi nikiwa Changamwe nakamatwa nikitoka dukani. Polisi wanakwenda wapi ndilo swali. Mangweni, kunakonywewa mnazi, wanaingia kila Ijumaa, baa za pwani zenye mlinzi mlangoni hawaingii. Walevi ni wale wale.

#47 KaraniWaKorti
Bingwa, Mahakama ya Afrika kule Arusha ilisema karibu hayo hayo Desemba 2020: sheria za kukamata watu kwa uzururaji zinabagua maskini na zinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Kenya ilifuta sheria yake ya uzururaji 1997, lakini "kuleta fujo" na "ulevi" zinafanya kazi ile ile.

#48 Shoga_wa_Likoni
Samahani kukatiza. Mtoto wa ndugu yangu yuko rimandi hapo Shanzu, kapewa bondi ya mdhamini mmoja. Nina tuktuk. Logibuku yake itakubaliwa?

#49 KaraniWaKorti
Itakubaliwa ikiwa jina ni lako. Ije na kitambulisho, picha na barua ya chifu.

#50 Shoga_wa_Likoni
Jina ni langu pamoja na la kampuni iliyonikopesha. Bado nalipa.

#51 KaraniWaKorti
Hapo watakataa. Tafuta mwenye karatasi za mshahara.

#52 Shoga_wa_Likoni
Nani ana karatasi za mshahara siku hizi? Kwetu wote ni vibarua.

#53 Bingwa_Changamwe
Mimi ninazo. Nimepata kazi ya ulinzi, miezi mitatu ya karibuni ninayo yote. Kosa ni gani?

#54 Shoga_wa_Likoni
Simu. Anasema alikuwa ameinunua Mwembe Tayari.

#55 MwanaWaKibokoni
Simu, wanabaraza. Sisemi kitu.

#56 AfandeMstaafu
Bingwa, mtu humjui. Akikimbia, bondi utailipa wewe, na ukishindwa unajua unakwenda wapi. Fikiri.

#57 Bingwa_Changamwe
Nimefikiri. Shoga, nitumie namba ya kesi faraghani na jina la mamake. Kwanza nizungumze na mamake.